Pikapu ya Baba Yarudi Igamba

Haya, vuta kiti. Wewe uliyeniuliza pale chumba cha walimu kwa nini nimerudi likizo nimekonda na sauti imekauka, na wewe uliyedai nilikuwa kwetu nakula na kulala tu, sikilizeni wote kwa pamoja. Siwezi kuirudia habari hii kila siku tukinywa chai. Nitaisimulia kituo kwa kituo, na mtu akipotea njiani lawama ni zangu, anishike mkono aniulize. Mambo ya ruhusa, tiketi na karatasi za gari nayaruka, hayana utamu. Naanzia nyumbani.

IGAMBA

Kwa ambao hamjafika kwetu: ukitoka Mbeya kwenda Zambia, kabla ya Vwawa unakutana na Mlowo, mji wa wanunuzi wa mazao. Pale unaiacha lami, unashika barabara ya udongo mwekundu inayopita kwenye mashamba ya kahawa na mahindi, na huko ndiko Igamba. Baba yangu alikuwa na pikapu rangi ya krimu. Siku moja ilimzimikia Tunduma, mpakani, akaiacha kwa fundi mmoja aitwaye Shabani, akarudi kwa basi. Kisha Baba akaugua, akafariki, na pikapu ikabaki hukohuko miaka.

Likizo hii nilifika nikiwa bado na begi begani, nikamkuta Mama amekaa kizingitini na Baba Mdogo Festo amesimama uani. Baba Mdogo ndiye mdogo wake Baba, na tangu msiba ule ndiye msemaji wa familia. Alikuwa ameshaelewana na wanunuzi wa vyuma chakavu.

"Jumamosi wanakuja na lori lao," alisema. "Watabeba ile mashine mbovu ya kahawa, halafu nitawaelekeza Tunduma wakaikatekate pikapu."

"Festo, lile ni gari la kaka yako," Mama akasema.

"Shemeji, gari ni kitu kinachotembea. Lile sasa ni kabati."

"Na likitembea?"

Baba Mdogo akacheka. "Likiingia uani hapa kwa miguu yake kabla hao watu hawajaondoka, basi, libaki lako. Sitalitaja tena. Lakini nasema kwa miguu yake! Mkilileta kwa kamba kama ng'ombe mgonjwa, nawapa walikate."

Alipoondoka, Mama aliniambia neno moja tu. "Eda, kahawa yangu inakwenda Mlowo kwa baiskeli za watu, inalowa njiani, naambiwa ni daraja la chini. Sina mgongo wa kubeba tena. Nenda na Amoni."

Amoni ni mdogo wangu. Anaendesha trekta la watu, na kwa sababu hiyo anaamini hakuna kitu chenye injini kinachoweza kumshinda.

MLOWO HADI TUNDUMA

Safari ya kwenda haikuwa na neno. Tulipata lori la mahindi, tukakaa juu ya magunia, tukala mahindi ya kuchoma, tukashuka Tunduma tukiwa na vumbi hadi kwenye kope.

Tunduma ni mji usiokaa kimya. Malori yamepanga foleni kusubiri kuvuka mpaka, wabadilisha fedha wanakuita kwa lugha tatu, na kila uchochoro una gereji. Fundi Shabani ni mtu wa Tanga aliyekuja kubahatisha zamani akaoa hapahapa. Alitupokea kwa mikono miwili.

"Watoto wa mzee! Karibuni, karibuni! Gari lenu lipo salama. Sijaligusa hata nati."

Akatupeleka nyuma ya uwanja. Nikaangaza huku na huku, sikuona pikapu. Nililoona ni banda la kuku lenye kioo cha mbele.

Jamani, nilisimama mdomo wazi. Bodi la nyuma lilikuwa limejazwa udongo, yamepandwa matembele, na majani yake yananing'inia ubavuni vizuri kabisa. Kamba ya kuanikia nguo ilifungwa kwenye usukani, ikapita dirishani hadi kwenye nguzo. Amoni alipofungua boneti, kuku mwekundu alimtazama kwa hasira. Alikuwa amelalia mayai juu ya injini.

"Fundi, si umesema hujaligusa?"

"Mimi sijaligusa, dada yangu. Kuku ndio wameligusa."

"Na kiti? Kile kirefu cha mbele kiko wapi?"

Akakohoa. "Kiti kipo kazini."

Kazini kwenyewe ni ng'ambo ya barabara, kwa mama ntilie. Wanaume wanne walikuwa wamekikalia wakila wali na maharage. Nikaona pindo za maua pembeni, na mwili ukanisisimka, kwa maana zile pindo aliziweka Mama kwa mkono wake, akinifundisha kushona nikiwa bado sijui kutunga uzi kwenye sindano. Na leo nalipwa mshahara kufundisha ushoni. Nikamwambia mama ntilie kwamba kiti ni cha baba yangu.

"Cha baba yako?" Akashika kiuno. "Hiki ni kiti cha hoteli, mdogo wangu. Waziri Mkuu akija atakaa hapo."

"Mama, tazama ushonaji huu, naujua."

Akautazama, akanitazama, akapoa. "Basi kaa kwanza ule. Shabani atanichongea benchi, nawe utachukua kiti chako." Tukala tumekalia kiti cha Baba. Wale wanaume wanne wakala wamesimama, wakinung'unika.

Kesho yake kazi ikaanza. Kuku mwekundu alihamishiwa kwenye tenga pamoja na mayai yake, na mke wa Shabani alisimamia uhamisho huo kama mkunga. Matembele yaling'olewa tukayala mchana kwa ugali. Fundi alisafisha, akapuliza, akalainisha kwa mafuta, akaleta betri. Kila kitu kilikubali isipokuwa kabureta, ambayo ilimvunjikia mkononi kama biskuti.

"Hii mnaipata Nakonde," akasema. "Kwa Ba Mulenga. Kama hana yeye, basi hakuna mwenye nayo upande huu."

NAKONDE

Nakonde iko Zambia, lakini usifikiri ni safari ya ndege. Unavuka mpaka kwa miguu, na hata mbuzi wanavuka. Ba Mulenga alikuwa mzee mnene mwenye duka la vipuri vya zamani. Hilo "Ba" ni la heshima, kama sisi tunavyosema mzee. Kiswahili hajui, mimi Kibemba sijui, lakini Amoni akasema yeye anakijua, amejifunza kwa kuwauzia Wazambia mahindi.

Akaeleza kwa mikono na maneno. Ba Mulenga akaitikia kwa furaha, "Chaishile mailo!"

"Anasema nini?"

"Itakuja kesho," Amoni akasema bila wasiwasi. "Mailo ni kesho. Naijua hiyo, wateja wangu wote huniambia watalipa mailo."

Tukarudi Tunduma kulala. Kesho yake tukavuka tena. Ba Mulenga alitutazama kwa mshangao, akasema kwa sauti kubwa kidogo, kama unavyosema na mtu asiyesikia vizuri, "Chaishile mailo."

"Kesho tena," Amoni akasema.

Siku hiyo mzee alituhurumia akatukaribisha chakula. Ugali wao ni laini kuliko wetu, wanauita ubwali, na mboga ilikuwa kavu, nyeusi, yenye chumvi nzuri. Nikala nusu sahani nikidhani ni dagaa wa aina yake. Kisha moja nikaiona ina miguu mingi. Nilikuwa nakula viwavi! Macho yalinitoka, lakini mwenye nyumba ananitazama kwa upendo, ningefanya nini? Nikameza. Niwaambie ukweli, ni vitamu. Msinicheke mpaka mjaribu.

Ijumaa tukaenda mara ya tatu, na safari hii nilikuwa karibu kulia, kwa maana Jumamosi ndiyo kesho. Ba Mulenga alipotuona aliinuka kitini. Alimshika Amoni shati, akamvuta nyuma ya meza, akainama, akatoa kabureta iliyofungwa gazetini, akaipiga mezani.

"Mailo!" akasema, akirusha kidole gumba nyuma ya bega lake. "Mailo! Mailo!"

Mwanamke wa duka la jirani, aliyejua Kiswahili, alicheka mpaka akakaa chini. "Ninyi Watanzania! Mzee anasema ilishafika. Juzi mlipokuja mara ya kwanza aliwaambia ilifika jana yake, na tangu hapo anarudia lilelile."

"Lakini mailo si kesho?" Amoni akauliza.

"Ni kesho. Na jana pia ni mailo. Usikilize neno la kwanza, ndilo linalokuambia kama jambo limepita au linakuja."

Nilipigwa na butwaa. Neno moja, jana na kesho! Kabureta ilikuwa chini ya ile meza siku zote, sisi tunakwenda na kurudi. Njia nzima ya kurudi Amoni hakunitazama usoni. Nikamwambia, "Usijali, mdogo wangu. Angalau sasa unajua wateja wako walikuwa wanamaanisha lini."

TUNDUMA HADI IHANDA

Jumamosi asubuhi injini iliwaka. Ilikohoa moshi mweusi, ikatetemeka, kisha ikashika sauti ileile ya zamani, nami nikaduwaa kwa kuwa nilikuwa nimeisahau na mara moja nikaikumbuka. Mke wa Shabani alipiga vigelegele.

Fundi alitupa masharti, nami nawaeleza vizuri kwa sababu yote yana maana huko mbele. Kwanza, stata haifanyi kazi, gari linasukumwa. Pili, nyaya zimeliwa na panya, kwa hiyo ameunga taa kubwa na injini kwenye waya mmoja: ukizima taa, injini nayo inazima. Tutatembea na taa zinawaka mchana kweupe. Tatu, tusizidi gia ya pili, vinginevyo injini itachemka. Nne, sakafu ya mbele imeoza, kiti hakishiki mpaka pachomelewe, kwa hiyo mbele ameweka makreti mawili ya soda, la dereva na la abiria.

Kiti cha Baba tukakilaza nyuma, kwenye bodi. Sikutaka kipate vumbi baada ya kukipata kwa shida, nikanunua shuka jeupe jipya, nikakifunika chote, nikashonea pembeni kwa mkono vizuri kabisa. Mnajua nikishona siachi kona. Nikakaa nyuma kando yake nikikishika kisiruke kwenye mabonde, nimejitanda khanga nyeusi kichwani kwa ajili ya vumbi.

Tulipofika mji mdogo wa Mpemba tukampakia bibi mmoja aliyekuwa anakwenda Mlowo, Bibi Anyesi. Alikuwa na kikapu cha nyanya na sauti nzuri, maana ni mwanakwaya kanisani kwao. Akakaa upande wa pili wa kiti, akaanza kuimba. Nyimbo zake zilikuwa za polepole, nami nikaitikia pale ninapozijua.

Karibu na Ihanda gari likachemka. Mvuke ulitoka kama chungu kinafunuliwa, injini ikazima. Hapo tukafanya kama kila mtu anavyofanya barabara ile: tukakata matawi mabichi, tukaweka fungu nyuma ya gari na fungu mbele, ili malori yajue kuna chombo kimekwama. Bibi Anyesi akashuka bondeni kutafuta maji, akarudi na ndoo ya kuazima na habari zote za mwenye ndoo. Jua lilikuwa limepanda. Mimi niliwaza lori la vyuma tu. Huenda walikuwa wameshafika uani, wanakunywa togwa ya Mama huku wakingoja kuelekezwa Tunduma.

Vijana waliokuwa wanalima karibu walikuja kusukuma. Gari likawaka, na likishawaka halisimami. Tukakimbilia kupanda. Amoni akapiga kelele kutoka dirishani, "Msiyatupe majani! Tukikwama tena tutakata mengine wapi?"

Shauri likaonekana la busara. Vijana wakayaokota mbio, ya mbele wakayachomeka kwenye bampa na kwenye kona za boneti, ya nyuma wakayatupa miguuni petu. Tukaondoka tukiwashukuru. Kijana mmoja alivua kofia, nami nikampungia mkono.

IHANDA HADI MLOWO

Kuanzia hapo dunia ikabadilika tabia.

Malori yanayokuja mbele yetu, yale yasiyompisha mtu, yalikuwa yanapunguza mwendo na kukaa pembeni. Basi moja lilitufuata nyuma kwa unyenyekevu, halikupiga hata honi. Nikamwambia Bibi Anyesi, "Watu wa barabara hii wamestaarabika." Akaitikia bila kuukatisha ubeti.

Vwawa nilikuwa na hofu na askari wa barabarani. Gari halina kiti, dereva kakaa kwenye kreti! Askari alitoka kivulini, akalitazama gari, akalitazama shuka, akasimama wima, akavua kofia. Kwa mkono mwingine akasimamisha magari mengine ili sisi tupite. Nilishangaa mpaka nikasahau kumsalimia.

Mlowo ndiko nilikochanganyikiwa kabisa. Bibi Anyesi aliposhuka watu walimzunguka, na wanawake wa sokoni wakaliona gari.

"Si pikapu ya marehemu wa Igamba ile?"

"Ndiyo yenyewe. Na yule nyuma ni Eda, binti yake mwalimu."

Mmoja akaja mbio, akanishika mkono, machozi yanamtoka. "Jikaze, mwanangu. Jikaze." Kabla sijauliza nijikaze kwa lipi, mwingine ameshatupia mzigo wa kuni ndani ya bodi. Mwingine akaweka debe la unga. Amoni hasimami, anaogopa gari lisizime, anaserereka polepole, na watu wanatembea kando yetu wakiweka vitu.

"Asanteni!" nikasema. "Lakini ni vya nini?"

"Ah, mwanangu," mama mmoja akajibu, "hata hilo la kuuliza?"

Sasa ninyi msiotoka kwetu mnasubiri niwaeleze. Upande wetu gari likibeba marehemu, huchomekwa majani mabichi mbele, huwasha taa mchana, huenda mwendo wa taratibu, na nyuma wanakaa wafiwa wakiimba. Na pikapu ya Baba, enzi zake, ndiyo iliyokuwa inakwenda kuwachukua marehemu hospitali. Nusu ya watu wa Mlowo walilijua gari lile kwa kazi hiyo. Haya yote nayajua tangu utotoni. Lakini mtu aliyekaa kwenye gari halioni gari kwa mbele. Mimi nilikuwa naona shuka langu jeupe na jinsi nilivyolishona.

MLOWO HADI IGAMBA

Kwenye barabara ya udongo mwendo ulipungua zaidi. Mwanamume mmoja mwenye baiskeli alitukuta, akashuka, akasimama pembeni ameinamisha kichwa mpaka tukapita. Kisha akapanda, akatupita, akakanyaga pedeli kwa nguvu zake zote kuelekea kwetu. Tukadhani ana haraka zake.

Simu yangu ilikuwa imeisha chaji tangu Tunduma. Hata ingekuwa nayo, Mama hana simu, na ya Baba Mdogo inashika mtandao akipanda juu ya kichuguu.

Tulipokaribia kona ya mwisho nikasikia vilio. Havikuwa vya mtu mmoja. Ni vilio vya uani, vya wanawake wengi kwa pamoja, na vinatoka nyumbani kwetu.

Nikapiga bati la kabini kwa ngumi. "Amoni! Mama! Mama amekufa!"

Amoni akaweka gia ya tatu kwa mara ya kwanza. Tukaingia uani taa zinawaka, majani yanapepea, mimi nyuma nimekumbatia kiti nikilia kwa sauti ya juu, "Mama! Mama yangu!" Watu wakatumiminikia. Walinisikia nalia, wakaona ndiyo hakika, wakazidisha. Nami nikaona wamezidisha, nikaona ndiyo hakika. Wanawake wakashika shuka jeupe, wakalilalia. Baba Mdogo Festo alikuwa amejitupa chini, akigonga ardhi kwa viganja. "Mimi ndiye niliyewatuma! Chuma tu, chuma tu, nimewatuma wakafe kwa ajili ya chuma!"

Kisha umati ukagawanyika, wanawake wawili wakatoka wamemshika mtu katikati yao. Alikuwa Mama.

Tukatazamana. Sijawahi kumwona mtu anayenitazama vile, na sidhani kama nami nilikuwa na sura ya binadamu.

"Eda?"

"Mama?"

Akapeleka macho kwenye shuka. "Basi ni Amoni."

Mlango wa dereva ukafunguka, Amoni akashuka. "Mama, mimi nipo hapa."

Wanawake wakaliachia shuka. Mama akamgusa Amoni shavuni, akarudi kulitazama shuka. "Sasa huyo ni nani?"

"Ni kiti, Mama," nikasema.

Baba Mdogo aliinuka ana udongo hadi kwenye nyusi. Akasogea, akabonyeza shuka kwa kidole. Likabonyea, likarudi. Akabonyeza tena.

"Ni kiti kweli," akawatangazia watu.

UANI

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa nyuma kabisa, lakini hakupata mwenzake. Mama hakucheka. Alikaa chini palepale.

"Lizimeni," akasema. "Liondoeni. Sitaki kuliona hapa maisha yangu yote."

Amoni akang'oa waya. Taa zikazima, na injini nayo.

Tulikuwa tumefika. Lori la vyuma lilikuwa bado limesimama kando ya zizi, mashine ya kahawa imeshapakiwa, na wenyewe wamevua kofia kwa sababu ya msiba. Gari limeingia kwa miguu yake, mbele ya mashahidi kijiji kizima, na mwenyewe halitaki! Mkubwa wa wale wa vyuma akamsogelea Baba Mdogo kwa sauti ya chini. "Mzee, kwa hiyo tunalikata hapahapa?"

"Mimi nilishatoa neno langu," Baba Mdogo akasema. "Gari ni la shemeji. Muulize yeye."

Mama alikuwa anaangalia uwanja, nami nikafuata macho yake. Palikuwa na kuni hadi ukutani, kuku wamefungwa miguu, madebe ya unga. Nyuma ya migomba, kando ya kaburi la Baba, vijana walikuwa wamesimama ndani ya shimo lililowafika magotini, wameshika majembe, hawajui wachimbe au watoke.

"Habari imefika wapi?" Mama akauliza.

Yule wa baiskeli akajikuna. "Mimi nilipita nikisema njia nzima, mama."

"Na Mlowo?"

"Mlowo wote wanajua," nikasema.

"Kwa hiyo watu wako njiani. Wanaacha mashamba yao, wanatembea juani na unga kichwani, kwa ajili yangu."

"Nitachukua baiskeli, Mama," Amoni akasema. "Nitawarudisha."

"Na wazee waliokwisha kuchoka, utawarudisha mgongoni?"

Akainuka. Akaikung'uta khanga, akaenda mbele ya pikapu, akang'oa tawi la kwanza kwenye bampa, akalirushia ng'ombe. Akang'oa la pili. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alipomaliza akazunguka upande wa abiria, akapanda, akakaa juu ya kreti la soda, akafunga mlango.

"Washa," akamwambia Amoni.

"Haliwaki, Mama. Mpaka lisukumwe."

"Si watu wapo?"

Basi waliokuja kumzika mwanawe wakalisukuma gari lake. Baba Mdogo Festo alikuwa katikati, bega limekaa kwenye bodi, na kando yake wale watu wa vyuma wenyewe, wanahema. Likawaka mbele ya geti la jirani. Lori la vyuma likaondoka na mashine ya kahawa peke yake.

Mama alikwenda hadi Mlowo sokoni, kila akimkuta mtu njiani anatoa kichwa dirishani: "Hatujafiwa! Panda, twende ukale!" Alirudi na bodi limejaa waombolezaji wasio na la kuomboleza. Kuni na unga wa msiba havirudishwi kwa mwenyewe, kwa hiyo tulipika vyote, na watu walikula hadi wakalegea. Lile shimo wazee walikataa lifukiwe tupu, wakisema kaburi lililochimbwa lazima limeze kitu. Vijana wakakata mgomba, wakauzika kwa heshima zote. Kiti kimeshachomelewa mahali pake, na Jumatatu kahawa ya Mama ilikwenda Mlowo imekauka.

Nami nawaachia hili moja, mlishike. Gari likikuharibikia upande wa kwetu, kata majani, weka fungu nyuma na fungu mbele, mbali kidogo na gari, ili wenzako wayaone mapema. Likiwaka tena, mwache dereva ndani, shuka wewe, okota majani yote, yatupe mtaroni. Zunguka mbele ya gari ulitazame kama anavyolitazama mtu anayekuja. Likiwa halina hata tawi moja, panda, uende.